Kabla Iitwe Slamu, Kibera Ilikuwa Kambi ya Jeshi

Kama umewahi kutembea nyuma ya kundi la wageni pale Kibera, unajua sentensi ya kwanza inavyoenda: karibuni kwa mtaa mkubwa zaidi wa mabanda Afrika, watu milioni moja. Mgeni anashtuka, simu inatoka mfukoni, ziara imeanza. Sasa, sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Ile ya 2019 ikapata 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra, na hapo ndani wamewekwa hata wasee wa Woodley wenye geti na maua.

Sina ubaya na vijana wanaotembeza wageni. Mimi mwenyewe baada ya kuacha chuo mwaka wa pili nimeifanya hiyo kazi kwa miezi kadhaa, na mia tano ni mia tano. Milioni moja inauza, sitakudanganya. Lakini ukishasema milioni moja, mgeni hana swali lingine. Anaona watu wengi maskini, basi. Haulizi hawa watu walifikaje hapa, nani aliwaleta, na mbona serikali tatu tofauti zimekuwa zikiwaambia kwamba hii ardhi si yao.

Kibera haikuletwa na umaskini. Ililetwa na jeshi. Na huku kwetu Kawangware, kilomita chache tu ukivuka Ngong Road, nako historia yetu iliyoandikwa inaanza na ngome na bunduki. Kitu kilichonishangaza nilipoanza kusoma haya mambo ni kwamba mtu mmoja yuko mwanzoni mwa hadithi zote mbili.

Anaitwa Frederick Lugard. Oktoba 1890 alikuwa anafanyia kazi Imperial British East Africa Company, ile kampuni ya Waingereza iliyopewa hii sehemu yote ya Afrika Mashariki iendeshe kama duka. Alikuwa njiani kwenda Uganda, na akasimama Dagoretti kwa sababu Wakikuyu wa huku walikuwa na chakula. Ukitoka hapa kuelekea ziwani safari ni ndefu, na msafara wa mamia ya wapagazi lazima ule. Akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga (ndiyo, huyo wa Waiyaki Way, hiyo barabara unakwama jam ukienda Kangemi), akajenga ngome, akaacha watu wachache wailinde, akaenda zake.

Undugu wenyewe haukumaliza mwaka. Watu wa kampuni na misafara walikuwa wanaingia mashamba ya wenyewe, wanabeba mazao, wanachukua mbuzi. Wenyeji wakachoka, wazungu wakatoroka, ngome ikachomwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith, 1891. Mwaka uliofuata Waiyaki akakamatwa huko, akawa anapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi.

Kwa hivyo angalia hapo. Miaka tisa kabla reli ifike Nairobi, watu wa Dagoretti tayari walikuwa wamekutana na wageni wanaopita na askari wanaowalinda hao wageni. Na tayari walikuwa wamejua kwamba mbuzi akichukuliwa, hakuna mahali pa kushtaki.

Lugard naye 1891 alifika Kavalli, upande wa magharibi wa Ziwa Albert. Huko kulikuwa na wanajeshi wa Kisudani chini ya afisa aliyeitwa Selim Bey. Walikuwa wa jeshi la Misri, wakatumwa mkoa wa Equatoria kumtumikia gavana Emin Pasha, halafu uasi wa Mahdi huko Sudan ukakata njia ya kurudi. Walikaa miaka bila mshahara, bila habari, na wake zao na watoto na watumishi. Lugard akawachukua. Alihitaji askari, na hapo aliwakuta askari ambao tayari wanajua amri na hawana kwa kurudi.

Kutoka hapo hao watu wanaitwa Wasudani kwenye karatasi za Waingereza, na baadaye Wanubi. Walipigana Uganda, 1897 baadhi yao wakaasi kwa sababu ya malipo duni na kutembezwa bila kupumzika, uasi ukazimwa vibaya sana. 1902 Waingereza wakaunganisha vikosi vyao vyote vya huku wakaunda King's African Rifles, KAR, ile wazee wetu waliita Keya. Si Wanubi wote wa Kibera wametokana na watu wa Selim Bey, kuna wengine walisajiliwa kaskazini wakaletwa kupitia Mombasa. Lakini nadhani umeshaona vile mtu mmoja aliyeangusha mzigo wake Dagoretti mwaka mmoja, mwaka uliofuata alikuwa anakusanya mababu wa majirani zetu.

Karibu 1904 hivi familia za hawa askari zilianza kuwekwa kwa msitu ulioko kusini-magharibi mwa mji. Kwa Kinubi waliuita Kibra, maana yake msitu. 1918 serikali ikatangaza rasmi kwamba hiyo ni ardhi ya jeshi, karibu ekari 4,200.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatoka hapa.

Mnubi aliyetumikia KAR miaka kumi na miwili alikuwa anapewa pasi ya shamba. Si hatimiliki. Pasi. Karatasi ya kusema wewe fulani umeruhusiwa kukaa hapa na kulima. Huwezi kuuza. Jeshi ndilo lilikuwa linaamua nani aingie na nani atoke. Ndiyo kusema Kibera ilikuwa kama kwota za kambi, tofauti ni kwamba watu walijenga wenyewe, wakaoa hapo, wakazaa hapo, wakazika hapo. Wazee walikuwa wanaamini ni shukrani ya serikali kwa damu waliyomwaga, na itabaki kwa watoto wao. Serikali ilikuwa inaamini imewaazima mahali pa kulala.

1928 jeshi likakabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na wale wakubwa wapya walipoangalia wakaona shida: ardhi nzuri, karibu na mji, imekaliwa na Waafrika. Golfu ya wazungu ya Ngong Road ilikuwa tayari iko hapo tangu 1906, na mpaka leo ukisimama upande wa reli unaona mabati huku na nyasi za kijani kule. Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter, ilipoangalia hii kesi miaka ya 1930, ikasema Wanubi ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Mfalme. Yaani Mfalme akitaka, unatoka. Tume ikakubali serikali ina deni la kimaadili kwa hawa wazee, wakihamishwa watafutiwe pengine. Mipango ya kuwahamisha ikatengenezwa mara kadhaa na Wanubi wakagoma kila mara. Basi serikali ikatumia njia nyingine ambayo mtu yeyote aliyepanga keja anaijua: kama hutaki kutoka, hatutengenezi kitu. Hakuna mabomba ya maji taka, hakuna ruhusa ya kujenga nyumba ya mawe. Nyumba ya udongo sawa, maana udongo unabomoka haraka.

Watu wakajipanga. Wakakodisha vyumba kwa wafanyakazi wa mjini waliokosa pa kulala. Wakapika pombe kali, na Nubian gin ikawa na jina Nairobi nzima. Polisi wakaanza kuja kwa sababu ya pombe, na msako ukawa sehemu ya wiki. Vijana wao nao wakaendelea kuingia jeshi, wakapelekwa mpaka Burma vita vya pili vya dunia. Wengine walirudi, wakapata Kibera bado ni ya kuazima.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza lilifunga Nairobi yote katika Operesheni Anvil. Nyumba kwa nyumba, wakitafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Karibu watu elfu ishirini wakakusanywa, na kambi ya kuwachuja ilikuwa Langata, hapo jirani tu na Kibera, kisha Mackinnon Road na Manyani. Wanubi walihesabiwa kuwa waaminifu kwa serikali, kwa hivyo wao walibaki, wakitazama wapangaji wao wakipakiwa kwa malori. Wakati huo Kawangware haikuwa hata Nairobi. Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu ya Kiambu, na katika hifadhi kulikuwa na mambo yake: watu walitolewa kwa boma zao wakafungiwa kwa vijiji vyenye mitaro na walinzi, kafyu, foleni ya kwenda shamba na foleni ya kurudi. Kati yote, zaidi ya watu milioni 1 waliwekwa kwa vijiji zaidi ya 800 hivyo.

Nasema haya kwa sababu tunapenda kuongea kana kwamba karao kuingia mtaani usiku na kupiga milango teke ni kitu kilianza na uchaguzi. Milango ya huku imezoea.

Uhuru ukaja 1963. Mfalme akaondoka, na kile cheo chake cha kuwa landilodi kikarithiwa. Ardhi ya Kibera ikawa ya serikali ya Kenya, na Wanubi wakawa watu wasiojulikana ni akina nani: si kabila la hapa, si wageni, mtoto akifika miaka kumi na nane alikuwa anaitwa na kamati imhoji kama ni Mkenya kabla apate kitambulisho. Mambo yalifika mpaka kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, na Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Huku nyuma zile ekari zilikuwa zinaliwa kidogo kidogo. Jamhuri, Ngei, Otiende, Onyonka, Ayany, Fort Jesus, Olympic, hizo estate zote zimekaa kwa ile ardhi ya askari. Kilichobaki kikajaa Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba, kila mtu aliyekuja mjini kutafuta. Ukitaka kujenga vyumba ulimwona chifu, mkaongea. Karatasi, hakuna.

Kawangware ilikuwa tofauti. Dagoretti ilipoingizwa Nairobi, ardhi yetu ilikuwa na wenyewe, familia zenye hatimiliki. Walijenga mabati na wanapangisha, na kodi ni kodi, lakini kuna jina kwa karatasi. Ndiyo maana huku utaona ploti za ghorofa zimepanda kila mahali kutoka 46 mpaka 56, na kule Kibera bado ni udongo. Mtu akikuambia watu wa Kibera hawapendi maendeleo, mwulize kama yeye anaweza kumwaga zege kwa ardhi ambayo serikali inaweza kuichukua Jumatatu.

Nadhani pia ndiyo sababu wageni hawaji Kawangware. Sisi ni maskini wa kawaida tu. Hatuna cheo cha kuwa wakubwa Afrika.

Sasa tuongee kuhusu hiyo maisha ya kila siku, maana historia ya tarehe peke yake inachosha.

Kibera asubuhi ni kama mtaa mwingine wowote. Mama wa mandazi ameamka saa kumi, mafuta yako moto saa kumi na moja. Watu wanashuka reli kwa miguu kwenda Industrial Area kwa sababu nauli ni hesabu. Kwenye reli kuna viatu, mboga, chaja za simu, na gari moshi likikaribia kila mtu anavuta mali yake nyuma kidogo, linapita, anarudisha. Mtungi wa maji una bei yake, na bei inapanda mabomba yakikauka. Toi kuna mitumba kuliko mahali popote utakapoenda na elfu moja. Hii ni maisha, watu wanaicheka na kuilalamikia kama wewe na yako.

Halafu kuna siku ambazo unajua tu. Redio zimenyamaza kidogo, watoto wamerudishwa nyumbani saa nne, na lori la GSU limesimama pale Kibera Drive karibu na Olympic. Desemba 2001 ilikuwa ugomvi wa kodi, wapangaji na wenye nyumba, na wenye nyumba wengi walikuwa Wanubi. Miaka mia moja ya pasi zisizo na hatimiliki ikalipukia kwa watu ambao hata hawakujua hiyo historia. Desemba 2007 na Januari 2008 ilikuwa kura. Toi ikachomwa yote. Reli ikang'olewa. Polisi walizingira mtaa ili watu wasitoke kuandamana mjini, na risasi zikapigwa kwa vichochoro ambavyo hata mbuzi wawili hawapishani. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Katikati ya hayo yote kuna msanii mmoja, Solo 7, alikuwa anazunguka Kibera na rangi akiandika ujumbe wa amani kwa kuta na mabati. Mengine ya maandishi yake yalikaa miaka.

Oktoba 2017 ikawa zamu yetu. Baada ya ule uchaguzi wa marudio, Ijumaa usiku, 56 ikawaka. Nyumba na vibanda vikachomwa, majirani wa makabila mawili wakashikiana mapanga, na asubuhi mtaa ulikuwa umejaa polisi na harufu ya matairi. Nilikuwa kijana mdogo wa shule. Ninachokumbuka zaidi ni vile vitoa machozi vinaingia chini ya mlango, mama ameloweka leso na maji anaziba, na jirani yetu anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama tuna unga.

Na siku chache baadaye wako hapo tena, wageni.

Kibera kuwa mahali pa kutembelewa ni kitu cha juzi. Filamu ya The Constant Gardener ilipigwa hapo, ikatoka 2005, na Rachel Weisz akashinda Oscar. Agosti 2006 Barack Obama akiwa seneta alikuja, umati ukamzingira. Januari 2007 Ban Ki-moon akiwa ndiyo tu amekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa naye akaja. Mwezi huohuo Nairobi ilikuwa na mkutano wa World Social Forum, wajumbe kutoka kila nchi, na wengi walitaka kuona Kibera kabla ya kupanda ndege. Kutoka hapo ikawa biashara. Asubuhi simba pale Nairobi National Park, mchana Kibera, jioni nyama choma.

Kennedy Odede, yule aliyeanzisha SHOFCO, amekulia Kibera. Agosti 2010 aliandika makala kwa New York Times kuhusu siku akiwa na miaka 16, anaosha vyombo nje ya nyumba yao, na mama mmoja mzungu akampiga picha. Alisema alijihisi kama mnyama kwa zizi. Watu walimjibu sana, kwamba utalii unaleta pesa, kwamba dunia lazima ione. Mimi nilipokuwa natembeza wageni nilikutana na watu wazuri, wengine bado tunaandikiana. Lakini hakuna hata mara moja mtu aliuliza mwenye nyumba kama tunaweza kuingia kabla sisi wa kutembeza tumempa mia mbili. Tulikuwa tunanunua mlango.

Kitu nilichoona na ambacho hakiko kwa vitabu ni hiki. Ukiwa na wazungu sita, karao wa doria anakusalimia. Anakuita kijana, anauliza kama kila kitu kiko sawa. Ukiwa peke yako saa moja jioni, kichochoro kilekile, anakuuliza kitambulisho, unatoka wapi, na hiyo simu ni ya nani.

Novemba 2015 Papa Francis alikuja Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ukivuka bonde tu kutoka kwetu. Hija ikatufikia mlangoni. Watu walitoka usiku kwenda kupanga foleni, wengine wamebeba viti vya plastiki kwa kichwa. Barabara iliyokuwa vumbi ikatengenezwa, mitaro ikazibuliwa. Na askari kila mahali, wapole, wanakuonyesha njia. Papa mwenyewe aliongea vizuri, kuhusu ardhi, maji, na watu wanaojilimbikizia mali huku wengine wakikosa pa kuishi. Wazee wa Kangemi walipiga makofi kwa nguvu kwenye hiyo sehemu ya ardhi.

Siku hizi nikitafuta mahali penye hadithi kama hii napata Kashmir. Huko milimani India kuna pango la Amarnath, na kila mwaka mamia ya maelfu ya Wahindu wanaenda kuhiji. Wanasafiri kwa misafara ya magari inayolindwa na wanajeshi, na msafara ukipita, mwenyeji anasimamishwa kando ya barabara angoje. Anaweza kuwa anaenda hospitali, anaweza kuwa na matofaa yanaoza kwa lori. Aprili 2025 watu 26 waliuawa na washambuliaji Pahalgam, karibu wote watalii. Vituo vingi vya utalii vikafungwa, wanajeshi wakaongezwa, na waendesha farasi ambao maisha yao yote ni hao wageni wakabaki bila kazi. Si sawa na Kibera, vita ni vita. Lakini huyo jamaa aliyesimamishwa kando ya barabara namjua. Barabara ni ya kwao ila yeye ndiye anaonekana kama hatari kwa anayepita.

Kwetu wanajeshi hawajakuja tu na bunduki, na hapa ndipo mambo yanachanganya. Machi 2020 baadhi ya kazi kubwa za kaunti ya Nairobi ziliwekwa chini ya Nairobi Metropolitan Services, na mkubwa wake alikuwa Meja Jenerali Mohamed Badi wa jeshi la anga. Walichimba visima kwa mitaa ya mabanda, Kibera ikiwemo, na maji yakawa ya bure kwa mara ya kwanza kwa watu wengi. Mama zetu wanamsifu Badi mpaka leo na siwezi kuwalaumu, nimebeba hiyo mitungi. Wakati huohuo kulikuwa na kafyu ya korona na watu wanapigwa rungu kwa kuchelewa kazini dakika kumi. Maji na rungu, mwaka mmoja, mtaa mmoja. Ukiuliza mtu wa Kibera anaonaje wanajeshi, atakuuliza wale wa maji au wale wengine. Juni 2024 ndio tukaona wale wengine, wakati wanajeshi waliingizwa mjini kwa sababu ya maandamano yetu.

Lakini kama unataka siku moja inayoeleza ile pasi ya 1918, ni tarehe 23 Julai 2018. Alfajiri matingatinga yalifika Kibera yakisindikizwa na polisi, kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Maelfu ya watu walikosa nyumba kabla jua litoke vizuri, na shule kadhaa zikaenda. Hesabu ya wakazi ilikuwa ndiyo inaendelea, ile ya kujua nani alipwe nini. Leo barabara iko, ni nzuri, matatu zinapita dakika tano. Nimepiga video hapo. Mgeni akipita hawezi kujua kulikuwa na vyumba.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hatimiliki ya jumuiya, ekari 288. Karibu miaka mia moja baada ya lile tangazo. Kuna wazee walilia pale, na kuna vijana walichukua kikokotoo. 288 kati ya takriban 4,200, hiyo haifiki asilimia 7. Na wale wasiokuwa Wanubi, ambao sasa ndio wengi, wamekaa hapo miaka arobaini, wamezika wazazi wakiwa hapo, wao bado hawana hata hiyo pasi ya shamba.

Nampenda sana yule kijana au binti wa Map Kibera. 2009 walikuwa kundi dogo la vijana wa hapo wenye vifaa vya GPS, wakaanza kutembea vichochoro vyote wakiandika: hapa choo, hapa duka la dawa, hapa msikiti, hapa pana giza usiku. Kabla yao, ukifungua ramani ya mtandaoni Kibera ilikuwa doa tupu. Hawakuandika watu wangapi. Waliandika kitu kiko wapi.

Nimeanza kutengeneza njia yangu ya kutembeza watu, kwa miguu, ya Wakenya hasa. Inaanzia Makina kwa makaburi ya Waislamu, kwa wazee wa KAR. Inapita ukuta wa golfu, inashuka reli, inafika ile barabara ya 2018, halafu tunapanda matatu mpaka Dagoretti Corner tuongee habari ya Lugard na mbuzi za watu. Ninachokosa ni zile ekari 3,900 nyingine. Kwa hivyo nyinyi wa Jamhuri, Ngei, Otiende, Onyonka: kama kuna mzee kwenu ana picha ya mashamba ya Wanubi kabla estate ijengwe, au kuna nyanya aliyewahi kuiona hiyo pasi kwa macho, niandikieni. Nitakuja na simu na nitauliza kabla ya kupiga.